Numbula ya Mama

Harufu ya maua ya pareto yanayokauka ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu msimu ule wa baridi, miaka ya hamsini, katika milima ya Iringa. Manyunyu hayakukatika na jua halikuonekana, kwa hiyo maua tuliyaanika ndani, kwenye uchaga juu ya moto, na moshi ukatukereketa koo sote. Ndiyo maana mwanzoni hakuna aliyejali kikohozi cha mama. Tuliisingizia pareto. Baba alikuwa kibarua wa barabara huko Mbeya, na nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, bibi mzaa baba, na mimi, binti wa pekee niliyedekezwa mpaka majirani wakanicheka. Maua yalipokwisha kuuzwa, moshi ulipungua lakini kikohozi kikabaki, na mama hakuweza tena kuinuka kitandani.

Mama alikuwa Mlutheri kwelikweli. Mafundisho ya ubatizo aliyapata kwa Kiswahili, lugha ambayo kwetu ilikuwa ya kanisani na bomani. Nyumbani tulisema Kihehe. Mwinjilisti alimfundisha kwamba Mungu hukaa moyoni mwa anayemwamini, naye akanitafsiria: Nguluvi yumo ndani ya numbula. Akakiweka kiganja changu kifuani pake, nami nikamsikia Mungu akidunda. Tangu hapo nikajipa kazi. Mama alipokohoa nilimhurumia mgeni wetu anayetikiswa mle ndani, nikamfunika mama kifua kwa kaniki ili Mungu asipate baridi. Mama alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi kingine.

"Mama, kama yumo humo, mbona hakiondoi hiki kikohozi?" nilimwuliza siku moja, nimenuna kabisa.

"Hajaja kutibu kikohozi, mwanangu," alisema, akivuta pumzi kwa shida. "Amekuja kukaa na mimi."

Nilimwona Mungu ni mgeni wa ajabu, wa kukaa tu wakati mwenye nyumba anaumwa. Lakini mama alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitia hofu kuliko kukohoa kwake. Bibi, ambaye hakuwa amebatizwa, aliketi kando ya moto akimtazama mkwewe. Nadhani yeye alikwisha kujua.

Mama alifariki asubuhi, tukamzika jioni ile ile. Baba hakuwahi. Makaburini mwinjilisti alisema kwa Kiswahili kwamba roho ya marehemu imekwenda kwa Bwana, na kwamba moyo wake ulikuwa nyumba ya Mungu. Neno roho lilinipita. Moyo niliujua, nilikuwa nimeusikia kwa mkono wangu. Moyo ulikuwa ndani ya lile blanketi walilomzungushia, na Mungu alikuwa ndani ya moyo. Udongo wa kwanza ulipoanguka nilipiga ukelele kwa Kihehe: "Msimfukie Nguluvi! Yumo humo!" Majembe yakasimama. Bibi ndiye aliyenivuta kwake.

"Mwinjilisti ana maneno mawili, moyo na roho, sisi tuna moja," aliniambia. "Numbula ni moyo, na numbula ni ile inayomtoka mtu. Ya mama yako imetoka asubuhi. Kama Mungu alikuwa ndani yake, wametoka pamoja. Humu hamna mtu, mjukuu wangu."

"Na mimi kaniacha na nani?"

Bibi aliinama. Akanibeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, na watu wakaendelea kufukia.

Leo wajukuu zangu wanasema Kiswahili tu, numbula hawaijui, na nikiwafundisha habari za moyo na roho wananielewa upesi, wanakimbilia mchezo. Nawaonea wivu. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa, nimezika mume, nimezika na mtoto, na katika misiba hiyo yote Mungu hakunitoka moyoni. Hakuondoa msiba hata mmoja. Alikaa na mimi, kama mama alivyosema. Namshukuru, tena kwa dhati, na huwa nasimama mbele ya watu kulishuhudia jambo hilo. Ila kuna kitu sijapata kukisema kanisani. Jioni ile makaburini, nilipopiga kelele wasimfukie Mungu, sikuwa namlilia Mungu. Nilikuwa namtaka mama.