Mvukaji wa Sekunde Ishirini na Sita

Ofisini walimwita Bi Sekunde, na jina likamkaa. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu: chai kuchemka, lifti kushuka, mumewe kutafuta soksi zilizo mbele ya macho yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanga muda wa taa za barabarani, na kazi hiyo aliipenda kiasi cha kutia aibu.

Mwaka huo alipewa programu tatu za kompyuta azijaribu. Kila moja iliiga makutano ya barabara kwenye skrini, magari yakiwa vinukta vya rangi, ili foleni ionekane kabla hujagusa taa yenyewe. Ya tatu ilikuwa moto wa kuotea mbali. Makutano ya karibu na kwake iliyapunguzia foleni kwa theluthi nzima, na bosi akaipenda hapohapo. Ila waenda kwa miguu iliwaachia sekunde kumi na mbili zilezile za sasa.

Sekunde hizo zilikuwa zimeleta kilio nyumbani. Mama mkwe aliishi naye, na dada yake mama mkwe aliishi ng'ambo ya barabara hiyo, nyumba unayoiona ukisimama dirishani. Tangu taa ya kuvukia ifupishwe, miezi minane sasa, ndugu hao wenye magoti mabovu walisemezana kwa simu tu. Siku moja Bi Sekunde alimshika mama mkono wavuke, wakapigiwa honi katikati, na mama akaapa harudii. Gari nalo hakulitaka.

"Nikodi gari kuvuka barabara? Watu watasema nimerukwa na akili."

Basi Bi Sekunde akaichimba ile programu, aone waenda kwa miguu wake ni watu gani. Wote vijana. Hakuna aliyebeba kikapu, wala aliyesimama kuvuta pumzi.

Jumamosi alichora mistari miwili ya chaki uani, upana wa barabara, akamwomba mama mkwe atembee. Kosa lake ni kumwambia kwamba anapimwa. Bibi yule alijifunga mtandio kiunoni, akachanja mbuga, akafika kwa sekunde kumi na moja.

"Nimepata ngapi?"

"Mama, umeniharibia hesabu. Nilitaka mwendo wako wa kila siku."

"Ndio huo, mwanangu. We andika."

Kwa mwendo huo programu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mama, akidhani mtihani umekwisha, aliurudia uwanja uleule polepole kukifuata kiti chake, akasimama kidogo kushika kiuno. Sekunde ishirini na sita. Mkwewe aliandika kimyakimya.

Jumatatu akamwingiza mvukaji huyo kwenye programu. Foleni ikajaa hadi ukingo wa skrini.

"Mkweo ameufunga mji," bosi akasema, akicheka.

Naye alicheka, ingawa moyo ulimuuma. Akajaribu hili na lile hadi Alhamisi, ndipo akaweka kisiwa kidogo katikati ya barabara: mtu avuke nusu, apumzike, amalizie taa ikiwaka tena. Foleni ikaongezeka magari manne tu. Kwenye ripoti akaandika kwamba programu inunuliwe, ila mpango wowote usipitishwe kabla mtu wa sekunde ishirini na sita hajavuka salama. Bosi alisoma mara mbili, akatia saini.

Kisiwa kikajengwa. Asubuhi ya kwanza yeye na bosi walikaa mbele ya picha za kamera, wakihesabu magari. Upande mmoja akatokea mama mkwe na mkongojo wake. Upande wa pili, bila kuambiwa na mtu, akatokea dada yake. Taa ikawaka, kila mmoja akavuka nusu yake, wakakutana kisiwani, wakakumbatiana. Taa ikawaka tena, ikazima. Ikawaka mara ya tatu. Wao wameshikana mikono, wanaongea.

"Mbona hawavuki?" bosi akauliza.

Bi Sekunde alikuwa anafuta machozi huku anacheka.

"Wameshafika," akasema.