Manowari ya Wayunani

Mwenzangu wa Makambako aliandika neno moja, manowari, na neno hilo likaninyima usingizi. Sote tulikuwa walimu wa shule za misheni, enzi za Mwingereza. Mkaguzi wa shule alitaka somo juu ya vita vya baharini vya Wayunani wa kale, lichapwe katika kitabu cha kusomea cha nchi nzima, na jina la mwandishi chini yake. Jina hilo nililitaka liwe langu. Nilikuwa nimekwisha kumtambia mke wangu.

Tulikutana Njombe, kila mmoja afundishe somo lake mbele ya darasa moja. Yeye alitangulia, na koti lake jipya. Akasoma kwamba manowari ya Wayunani ilifyatua mizinga, moshi ukatanda. Mizinga! Watu wale hata baruti hawakuijua. Na manowari ni neno la juzi tu, la meli za chuma za Waingereza. Watoto walipiga makofi, nami nikafurahi kimoyomoyo kwamba amejimaliza mwenyewe.

Zamu yangu nikasoma taratibu. Merikebu ya makasia, wapiga makasia safu tatu, mbele pembe ya shaba ya kutobolea vyombo vya adui. "Kabla ya vita, Wayunani waliacha tanga pwani." Kila neno sahihi.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, wao waliachaje Tanga? Baba yangu bado yuko huko kwenye mkonge."

Darasa zima likaanza kutaja baba na kaka zao waliokwenda Tanga kukata mkonge. Kwenye milima ile ya baridi, nani alikuwa ameona tanga la chombo? Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mwenzangu akaninong'oneza, "Pole, mwalimu," na mkono ukaniwasha kumzaba kibao.

Somo lake likachaguliwa. Nikajipoza kwa mizinga ile: kitabu na kitoke, nchi nzima imcheke.

Kilipofika nilikifungua nimesimama njiani, kwenye manyunyu. Manowari ilikuwa imegeuzwa merikebu ya makasia. Mizinga haikuwapo. Chini, jina lake. Nikalisoma somo upya, sentensi kwa sentensi, nikitafuta kosa, na sikuliona hata moja. Hapo ndipo nilipomchukia kweli.