Mzee wa Alief Asiyeshindwa Karata

Tulikuwa wachezaji wanne. Mimi nilikaa Euless, Texas, Mkongo niliyelelewa kambi ya wakimbizi Kigoma, nikipakia mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mwingine alikuwa Mkenya wa Garland, mfanyakazi wa kiwandani. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wa nne alikuwa mzee mmoja Mrundi wa Alief, kule Houston, ambaye shemeji alikutana naye harusini. Jumapili baada ya ibada kila mtu alifungua poka kwenye simu yake, tukaacha sauti wazi tukipiga soga. Hatukuchezea fedha. Tulishindania heshima tu, na heshima yote ilihamia Houston.

Mzee alishinda kupita kiasi. Nikishika karata mbovu nikajifanya ninazo nzuri, alinifuata mpaka mwisho akaniumbua. Siku niliyopata wafalme wawili, nikijua leo ni leo, alitupa zake mapema na kusema kwa upole, "Hapo mimi simo, kijana wangu."

Mkenya akanipigia pembeni. "Huyu buda anaona karata zetu, nakuambia. Ama ana programu ya kuchungulia, ama anacheza na simu mbili."

"Mzee asiyekosa misa?"

"Kwani wezi hawaendi kanisani?"

Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa. Tukahamia programu nyingine ya poka, akashinda. Tukamwomba awashe kamera, akaiwasha bila kinyongo. Tukamwona ameketi na simu moja na kikombe cha chai, akatushinda hivyo hivyo. Shemeji aliona haya, akatusihi tuache. Mimi nikaapa kwamba Jumapili itakayofuata nitamwuliza mbele ya wote.

Jumapili hiyo mke wangu alikuwa amelala chumbani, ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilijinyoosha kwenye kochi, nikakohoa, nikaanza, "Mzee, leo utuambie ukweli."

Mkenya akaangua kicheko. "Wewe, umelewa mchana huu?"

Sikumwelewa. Masikioni mwangu maneno yalikuwa yametoka vizuri. Mzee hakucheka.

"Sema tena," aliniambia.

Nikarudia. Safari hii nilisikia mwenyewe jinsi ulimi ulivyokuwa mzito.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki pajani kama si wangu, na simu ikateleza hadi kwenye zulia. Kutoka sakafuni sauti ya mzee iliendelea, sasa kwa ukali ambao hatukuwahi kuusikia. Alikuwa anamwambia shemeji, "Mpigie dada yako sasa hivi. Mwamshe aite ambulensi. Huyu si mlevi!"

Simu ya mke wangu ikalia chumbani. Ikalia, ikalia. Kisha nikasikia miguu yake ikija mbio.

Hospitalini daktari alimweleza mke wangu kwamba ni kiharusi, damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ubongo, na kwamba dawa ya kuiyeyusha humsaidia aliyewahi. Mimi niliwahishwa. Ulimi ulirudi kwanza, kisha mkono, polepole. Najijua nilivyo: kama ningekuwa peke yangu, ningesema ni uchovu wa kazi, nikajifunika shuka.

Nilipopata nguvu mke wangu alinipeleka Alief kwa gari. Mke wa mzee alikuwa ametupikia ugali, maharage na ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Tulipokwisha kunawa, nikamwuliza mzee alijuaje.

"Karata au ugonjwa?"

"Vyote viwili."

Akatabasamu. "Nyinyi mnaangalia simu. Mimi macho yangu yamechoka, basi nawasikiliza. Ukiwa na karata nzuri unaacha utani, unakuwa na adabu kama uko kwa mkweo. Ukidanganya, unacheka kabla mtu hajasema kitu. Shemeji yako naye akipata nzuri huanza kuniulizia hali ya watoto wangu." Akaumega ugali bila kuula. "Siku ile sauti yako haikuwa ya karata nzuri wala mbovu. Ndugu yangu alianza hivyo, kambini. Tulidhani amekunywa. Tukamlaza ili apumzike."

Nilimshika mkono wake kwa huu wangu wa kushoto, nikasema asante, na neno hilo lilinitoka zima, herufi zake zote.

"Kuleni, ugali unapoa," mkewe akasema, naye mke wangu alikuwa anajifuta macho kwa kitenge.

Mkenya bado anashikilia kwamba mtu hawezi kushinda namna ile kwa masikio tu. Mimi sibishani naye. Tunacheza kama zamani, tunashindwa kama zamani. Ila siku hizi, kabla ya misa yake, mzee hunipigia na kuniagiza nimsomee kwa sauti chochote kilicho karibu: zaburi, hata maandishi ya pakiti ya unga. Husikiliza, akasema, "Haya, uko mzima," akakata simu.