Miwa ya Uani Temeke

Siku za kilimo cha kufa na kupona nilikuwa na digrii moja, suruali mbili za ofisini, na okidi kadhaa zilizoning'inia kwenye mti wa mkungu uani, Temeke, nilikopanga chumba. Nilizitoa Pugu, kwenye matawi ya miti iliyoangushwa na wachoma mkaa. Nilizifunga kwenye makumbi ya nazi, nikasubiri maua. Majirani walikuja kutazama mmea usio na udongo. "Msomi anafuga magugu," walisema. Nami niliwapa mhadhara: okidi haiunyonyi mti, imepanda kutafuta mwanga tu. Hakuna aliyewahi kuniomba mhadhara huo.

Aliyezipenda kweli ni baba mwenye nyumba, mtu wa Newala, aliyepunguzwa kazi kwenye ghala moja la korosho. Mie nikienda ofisini, yeye ndiye aliyezinyunyizia maji kwa kopo la maziwa alilolitoboa matundu. Alizisemesha. "Nyie mnakula nini humo, hewa?" Mkewe alimtazama kutoka jikoni kwa jicho baya. Aliona lile ambalo mimi na digrii yangu hatukuliona: mtu mzima, saa nne asubuhi, siku ya kazi, anamwagilia maua, na watu wote wa njiani wanamwona.

Maana malori yalikuwa yakizunguka. Wasio na kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Jirani wa nyumba ya pili alitoka kwenda kununua mafuta ya taa. Chupa yake ililetwa na mtu mwingine.

Jioni moja akapita mjumbe wa nyumba kumi. Alipokuwa na neno baya alianza kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Kesho kutwa napita na ndugu wa tawi la chama. Kila nyumba tuone shamba lake, kila mwanamume tuone kazi yake." Akautazama mkungu. "Haya yanaliwaje?"

"Hayaliwi," nikadakia, "ila ukitazama mizizi..."

"Sikukuuliza wewe, ndugu msomi. Wewe una kitambulisho."

Alipokwisha ondoka, mama mwenye nyumba alizisogelea okidi, akashika shina moja. Okidi zile zina mashina marefu yenye mafundo.

"Mwanangu, hii si kama miwa?"

"Kwa mbali. Lakini zikiingia ardhini zitaoza, mama. Mizizi yake inataka upepo."

"Na mume wangu anataka nini?"

Kesho yake tukapiga matuta, tukazipanda zote. Moja ilikuwa imechomoza kikonyo cha maua, cha kwanza tangu nizilete. Baba mwenye nyumba akaomba ile iachwe juu. "Waone maua tena?" mkewe akauliza, akakikata kwa kucha na kukitupa kwenye moto.

Ndugu wa tawi walifika, wakasimama kando ya matuta. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, chai tulikunywa chungu, kwa hiyo walichokiona walikiona kwa hamu.

"Miwa! Mzee, umejifunza wapi kulima hivi?"

"Kwetu," akasema baba mwenye nyumba. Angeishia hapo. Lakini tangu aachishwe kazi hakuna mtu aliyemuuliza kitu akasubiri jibu. Akaanza kueleza namna ya kuinua tuta, lini upalilie, vipi uyaongoze maji. Mkewe akakohoa. Akaendelea. Akakohoa tena, mpaka ndugu mmoja akampa pole ya kifua.

Mjumbe aliutupia jicho mkungu mtupu, akatikisa kichwa taratibu. "Mkulima kama wewe," akasema, "unafanya nini mjini?"

Tukisema ni maua, yeye ni mzururaji aliyekidanganya chama. Tukisema ni miwa, yeye ni mkulima aliyekimbia jembe. Chuo kikuu hawakunifundisha jibu la tatu.

Masika yakaanza. Matuta yakalowa, tukakaa tukiyatazama, maana hatukuthubutu kung'oa kitu. Kisha mjumbe akaja tena.

"Shikamoo mzee."

Safari hii marahaba ilichelewa.

Kuna kijiji, akasema, kinahitaji mtu wa kuwafundisha wenzake miwa. Kwa hiyo hakukamatwa, aliheshimiwa. Lori lilipofika asubuhi, wengine walipanda nyuma, yeye akawekwa mbele kwa dereva, kama mtaalamu. Akatoa kichwa dirishani.

"Bwana mdogo! Zirudishe juu."

Nilishika shina la kwanza likatoka lenyewe, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, bila mizizi. La pili hivyo hivyo. Harufu ikatufukuza mpaka mlangoni.

"Hata moja?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Hata moja."

"Akija kuuliza, mwambie zilitoa maua."

"Akitaka kujua rangi?"

"Wewe si ndiye msomi?"

Nikamwambia: manjano, yenye madoa ya kahawia, kama chui. Akanifanya nirudie.

Niliishi chumba kile mpaka nilipooa. Malori yaliendelea kupita, na mara moja moja mengine yalishusha watu. Kila liliposimama moja njiani, mama mwenye nyumba alitoka jikoni, akanitazama mimi kwanza, kuona kama rangi bado naikumbuka.