Kamba za Kwanga ya Koko

Harufu ya majani yanayochemka, na ule uchachu wa muhogo uliolowekwa, hunirudisha uani kwetu katika komuni ya Tshopo, wakati wa Zaire. Koko, bibi yetu, alipika kwanga za kuuza, mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani na kuchemshwa. Wazazi wetu walipofariki alituchukua sisi watatu, mimi nikiwa mkubwa. Tonton, mjomba wetu, alikubali kwa sharti moja: tungekaa pamoja mradi Koko aweze kutulisha.

Kila muuzaji alikuwa na namna yake ya kufunga. Koko alizungusha kamba, akaishika ncha moja kwa meno, akavuta mpaka majani yakalia. Sokoni wateja walitambua kwanga yake kwa kuibonyeza tu.

Kisha kitenge chake kikaanza kumzidi, upindo ukafika mgongoni. Njiani akawa anapumzika mbele ya duka la mzee wa Butembo, baadaye hata kabla ya kulifikia duka. Tulimcheka, tukidhani anatafuta watu wa kupiga nao soga. Siku moja Mama Aziza, mteja wetu wa zamani, aliinua kwanga, maji yakamchuruzikia mkononi.

"Koko, hii iko inafunguka yenyewe, kama mulango ya bar."

Koko alicheka pamoja naye. "Ni kamba. Kamba ya sasa haina nguvu."

Nilimwamini. Nilimletea kamba ngumu zaidi, nikijiona mwerevu. Zikamshinda kabisa.

Jumapili tonton alikuja, akabonyeza kwanga moja, akaiweka chini. "Bon. Batoto tutawagawa. Huyu mukubwa ataenda na mimi Yangambi."

"Ungoje kwanza kwanga ya kesho," Koko alimjibu.

Kesho yake sikwenda shule, wala sikurudi tena. Koko alishika ncha kwa meno, mimi nikavuta mpaka majani yakalia. Tonton alibonyeza, akapanda mtumbwi wake. Hatukugawanywa.

Koko aliendelea kupungua mpaka akatutoka. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba udhaifu wa uzeeni mara nyingi hujionyesha mapema: mshiko hulegea, hatua huwa nzito, mwili hukonda. Yote tulikuwa tumeyaona, tukayacheka.

Bado nauza kwanga. Juzi mjukuu wangu aliifungua moja niliyoifunga mwenyewe, bila hata kuvuta.

"Koko, kamba hizi ziko mubaya," alisema, akatoka mbio kunitafutia nyingine, ngumu zaidi.