Vidonge vya Neva vya Fundi Reginald

Siku ile sindano ya cherehani ilipotoboa kidole cha Reginald, aliyepiga kelele ni mteja. Reginald mwenyewe aliendelea kukanyaga. Sindano ilikuwa imeingia juu ya ukucha wa kidole cha shahada, ikatokea chini, na damu ikaanza kutapakaa kwenye shati jeupe la mtoto wa shule. Dada yake Agatha, aliyekuwa amekuja Newala kumjulia hali, aliruka kutoka kwenye benchi la kibarazani akalizuia gurudumu kwa kiganja.

"Reginald! Kidole chako!"

Akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Sikusikia kitu, dada," akasema. "Kweli, sikusikia kitu."

Agatha alimchomoa sindano, akamfunga kidole kwa kitambaa. Miezi minne nyuma ndugu yake alikuwa na ganzi kwenye ncha za vidole tu, na vitambaa vyake alikuwa bado akivijua kwa kuvipapasa.

Hao walikuwa watoto wa katekista wa Lulindi. Agatha, wa kwanza, alisomea uuguzi, akafanya kazi serikalini miaka ishirini na sita. Alipostaafu aliajiriwa kwenye duka la dawa baridi pale Masasi, wakati maduka ya namna hiyo yalipoanza kuchipuka kila mtaa baada ya biashara kufunguliwa. Watu walimpenda. Mtu akiletewa pakiti ya dawa na mtoto wake aliyeko Dar, aliileta kwanza kwa Mama Gervas, kama walivyomwita Agatha, amsomee maandishi ya Kizungu. Reginald, kitinda mimba, alikuwa fundi cherehani Newala, fundi hasa. Mitumba ilipoingia na mafundi wengi wakarudi shambani kupalilia mikorosho, yeye alibaki barazani kwake, kwa sababu makanzu ya kwaya na nguo za harusi hazikupatikana kwenye marobota.

Uvimbe ulimtoka shingoni mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mvua kubwa zikiwa bado hazijakwisha. Hospitali ya Ndanda walimkata kipande cha nyama wakakipeleka kupimwa, jibu likarudi kwamba ni kansa ya tezi. Akaenda Dar mara sita kutundikiwa dripu, kila safari siku kadhaa za matope na kungoja pantoni ya Rufiji. Alirudi hana nywele, amekonda, lakini shingo ilikuwa laini kama zamani. Kilichobaki ni ile ganzi, na miguu kuwaka moto jioni. Daktari wa Dar alimweleza wazi: sindano mojawapo iliyochanganywa kwenye dripu huumiza neva, ganzi itapungua yenyewe taratibu, huenda mwaka mzima upite. "Usinywe kitu kingine bila kuniuliza," alimwambia. Lakini Dar ilikuwa mbali, na simu ya kuaminika ilikuwa ya posta tu.

Walter alifika mwezi wa Desemba. Alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka alipopunguzwa kazi, na sasa alitembea na begi la makopo ya vidonge kutoka kampuni moja ya nje ambayo jina lake Agatha hakupata kulisikia kabla. Hakuwa tapeli. Alimpa mama yake mzazi vidonge hivyohivyo, na alipoeleza vilivyomsaidia machozi yalimlengalenga. Kopo alilomletea Reginald lilichorwa picha ya mtu mwenye mishipa inayong'aa mwili mzima. Reginald alikumbuka onyo la daktari. Alimtuma mkewe Anjelina alichukue kopo lile mpaka Masasi, likapimwe na dada.

Agatha alilipima. Alilisoma mbele na nyuma: vitamini B moja, B sita, B kumi na mbili. Kwenye B sita palikuwa na miligramu mia mbili kwa kidonge. Namba ilimgusa kidogo, akainuka akakichukua kitabu chake cha dawa cha chuoni, kile alichokibeba kila alikohamishwa. Kitabu kilisema mwili unahitaji miligramu mbili tu kwa siku, na kwamba vitamini hiyo haina sumu. Inayozidi hutoka kwa njia ya mkojo.

"Wifi, mwambie anywe," alimwambia Anjelina. "Ni vitamini. Haina ubaya."

"Bwana Walter anasema kwa ugonjwa mkubwa anywe viwili, mara tatu kwa siku."

Agatha alisita. Wateja watatu walikuwa wanamngoja. "Itakayozidi ataikojoa," akasema.

Basi Reginald alikunywa. Januari ganzi ilivuka vidole ikafika kwenye viganja. Walter akasema ni sumu ya zile dripu inayotoka, asikate tamaa. Februari alianza kutembea akiitazama miguu yake, maana asipoitazama hakujua imekanyaga wapi. Anjelina alilia akidhani kansa imerudi imeingia kwenye uti wa mgongo. Kila hali ilipozidi, Reginald alivishikilia vidonge kwa bidii zaidi. Hakukosa hata siku moja. Ndipo Aprili Agatha akaja, na sindano ikapita kwenye kidole.

Kesho yake Agatha, akiwa ameanza kuvishuku vidonge, hakurudi kazini. Alishuka mpaka Masasi, akaunganisha gari la kwenda Ndanda, kwa Sista Veridiana, muuguzi waliyesoma naye, na kopo lile mkobani. Veridiana alilitazama kwa muda, akaenda akarudi na kitabu kinene kipya kilicholetwa kutoka ng'ambo. Akafunua, akaupitisha ukucha wake chini ya mstari mmoja, akamsogezea.

Mstari ulisema kwamba vitamini B sita, ikinywewa kwa wingi kwa miezi, yenyewe huharibu neva za hisia: ganzi ya mikono na miguu, mwendo wa kuyumba.

Agatha aliusoma mara tatu. Halafu akapiga hesabu kwa sauti, kama mwanafunzi. "Mia mbili, mara mbili, mara tatu. Elfu moja na mia mbili. Kwa siku. Miezi minne."

"Kitabu chako ni cha mwaka gani?" Veridiana aliuliza.

"Sitini na tisa."

"Basi hawakuwa wamejua bado."

"Lakini mimi niliiona ile namba, Veridiana. Niliiona, nikaona ni nyingi, nikamruhusu."

Veridiana akainuka. Alimletea maji ya kunywa.

Agatha alirudi Newala asubuhi iliyofuata. Njiani alijaribu maneno mengi, yote yakamponyoka. Alimkuta Reginald ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha juani. Kabla hata salamu haijakwisha akamwambia kila kitu, kuanzia wateja watatu waliokuwa wakimngoja siku ile mpaka mstari wa kitabu. Reginald alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si kansa," akasema.

"Si kansa. Ni vidonge. Ni mimi."

Reginald aliitazama miguu yake. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na Agatha baadaye alisema afadhali angekuwa nayo. "Mimi nilikuwa nakuuliza wewe, dada, ili nisiogope," akasema. "Basi, kaa ule mihogo."

Walter alipoelezwa alibisha kwanza, akauliza kitabu gani hicho kinachopinga vitamini. Kisha akakumbuka mama yake, akaondoka bila kuaga, na Newala hawakumwona tena na yale makopo.

Reginald aliacha vidonge siku hiyohiyo. Wiki za mwanzo hali ilizidi, wakaogopa. Halafu mikono ikaanza kurudi polepole. Miguu haikurudi. Wakati wa kubangua korosho alikanyaga kaa la moto, hakujua mpaka Anjelina aliposikia harufu, na kidonda kile kilimaliza vidole viwili vya mguu. Kukanyaga cherehani akashindwa. Akawa anapima na kukata, Anjelina akikanyaga, na kazi ikaenda hivyohivyo kwa kuvutana, kwa sababu wote wawili walikuwa wabishi.

Mwishoni mwa mwaka elfu mbili uvimbe ulirudi, safari hii chini ya kwapa. Agatha alimsindikiza Dar mwenyewe. Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamchoma nyayo kwa pini, Reginald akiwa amefumba macho na kusema bado, bado hujanigusa. Daktari akaiweka pini mezani.

"Ile sindano iliyomsaidia mwanzo siwezi kumpa tena," akasema. "Neva hazitaihimili, hataweza hata kusimama. Nitampa hizi nyingine."

"Hizo nyingine zina nguvu ile?" Agatha aliuliza.

"Tutajaribu, mama."

Walijaribu mpaka Mei. Reginald alizikwa Lulindi, nyuma ya kanisa, amevaa kanzu aliyojikatia mwenyewe na mkewe akaishona.

Baada ya arobaini Anjelina alikuja Masasi akamkuta Agatha anafunga duka. Wakakaa kwenye ngazi. Anjelina alizungukazunguka na habari za watoto na za mashamba, kisha akauliza lililomleta.

"Wifi, kama asingekunywa vile vidonge, angepona?"

Agatha alikuwa amejiuliza hilo kila siku tangu chumba cha yule daktari. "Sijui," akasema. "Pengine ganzi ya kwanza peke yake ingetosha kuizuia ile sindano. Pengine angepewa, na bado angekufa. Pengine tungekuwa naye."

"Ungeweza kuniambia hapana tu, nikalala."

"Ningeweza," Agatha akasema. "Lakini siku ya kopo nilikwisha kukuambia jambo nisilolijua. Sirudii."

Anjelina akainamisha kichwa. Walikaa pale, mabega yamegusana, mpaka gari la Newala lilipoanza kuita abiria.