Kibuyu cha Hawa Ziwani Kitangiri

Sikwenda Kitangiri kwa kupenda samaki. Kwetu Ilongero miaka ile, vijiji vya ujamaa vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza, samaki tulimhesabu kuwa nyoka wa majini, na mtu mzima hakuona haya kulisema hilo mbele za wageni. Nilikwenda kwa sababu baba alinituma nikamrudishe mdogo wangu Hawa. Alikuwa ameolewa na Yusufu, fundi mwashi Mnyiramba aliyekuja kujenga shule ya kijiji chetu, akamchukua mpaka kwao ziwani. Haukupita muda tukasikia Hawa ameharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani, na kwamba mama mkwe wake ndiye aliyemlisha samaki mbovu. Baba hakupandisha sauti.

"Nenda ukamlete," alisema. "Ng'ombe wao wa mahari nitawarudisha mwenyewe."

Alfajiri nikashika njia ya Singida mjini kwa miguu, na huko nikapata basi la Misigiri. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mama. Nilipanga makali, nikayalainisha kidogo kwa sababu ya umri wake, nikayanoa tena.

Pale Misigiri nikapata lori lililokuwa likienda kuchukua samaki. Nilipanda nyuma, juu ya matenga matupu, na harufu yake ikanifanya nijifunge shuka puani mpaka tulipoteremka bondeni. Hapo nikaliona ziwa, pana na tulivu, limejaa ndege weupe. Nilikiri moyoni kuwa ni pazuri, nikakasirika kwamba ni pazuri.

Jioni nikafika kwa akina Yusufu. Hawa alitoka kunipokea, amekonda, lakini anatembea mwenyewe na anacheka. Mama mkwe wake alikuwa ameinama uani juu ya sinia la samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Ilongero? Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema, na yale maneno yangu makali yakakosa pa kuanzia.

Nikakaa kumtazama akifanya kazi, na hapo nilishangaa kwelikweli. Kila perege alimfunua matamvua kwanza, akamtazama macho, akamminya ubavuni kwa kidole. Mmoja ambaye mimi niliona hana kasoro alimtupa shimoni bila kusita, akafukia. Waliobaki aliwapasua, akawatoa matumbo, akawaosha, na mikono yake ikaoshwa kwa majivu na maji kabla haijagusa unga wa ugali. Wengine aliwapanga juu ya chanja, moshi ukaanza kuwakausha.

"Na hawa wa moshi mnawala hivihivi?" nikauliza.

"Hapana. Nao huchemshwa tena mpaka mchuzi utokote vizuri. Samaki hana subira, mwanangu. Ukimchelewesha anakugeuka."

"Shemeji," Yusufu akanichokoza tulipokaa kula usiku, "leo unakula nyoka. Ukienda kwenu utasema nini?"

Nilitia tonge la kwanza nimefumba macho. La pili niliyafumbua. Nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta naomba kuongezewa mchuzi.

Asubuhi yake Yusufu alikwenda ziwani, mama akaenda kuteka maji. Nikamwambia Hawa afunge mzigo wake.

"Kwa nini?" akauliza.

"Baba amesema. Mama mkwe wako alitaka kukuua kwa samaki mbovu."

Hawa akaacha kufagia. "Kaka, hakunilisha mtu. Nilijilisha mwenyewe."

Akanieleza. Siku ile alipika perege peke yake, wakabaki wengi. Mumewe alikuwa safarini, naye alitaka kumwekea. Basi akafanya kama mama yetu alivyomfundisha kufanya na maziwa. Alichukua kibuyu alichotoka nacho nyumbani, akakifukiza kwa kaa la moto, akatia samaki na mchuzi wake, akaziba, akakining'iniza. Kesho yake mchana akaonja.

"Ulikuwa umechachuka," alisema. "Nikafurahi, nikadhani sasa ndiyo umeiva kama mtindi. Nikanywa wote."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hata mimi ningefanya vilevile, na Ilongero nzima ingefanya vilevile.

"Mama mkwe alinikuta nimelala chini," akaendelea. "Akakiona kibuyu, akanusa, akaelewa. Akakichoma moto. Alininywesha maji yaliyochemshwa, kidogokidogo, usiku na mchana. Majirani walipouliza, akawaambia yeye ndiye aliyenipa samaki aliyelala."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilipopata nguvu nilitaka kusema ukweli. Akanikataza."

Mama aliporudi na ndoo kichwani, nilimpokea. Nikamuuliza kwa nini alikubali kusemwa vibaya, tena kwa jambo la samaki, yeye aliyezaliwa hapohapo ziwani.

Alijifuta uso. "Mimi wananijua. Watanicheka, watachoka. Huyu ndiyo kwanza amekuja, hana hata rafiki wa kumtetea. Wangemwita mjinga, na hilo jina lingemkaa."

Nilijisikia mdogo mbele ya mama yule. Nikamgeukia Hawa, nikamuuliza anataka nini. Akasema anabaki. Sikumlazimisha, ingawa nilijua baba ananingoja.

Siku ya tatu nikapanda tena lori, safari hii juu ya matenga yaliyojaa, na sikufunga pua. Kwenye tenga dogo nilibeba kambale wa moshi, pamoja na maagizo ya mama yule ambayo ninyi wa nyumbani nawapa kama nilivyopewa: mtazame matamvua, mtoe matumbo, mchemshe hata kama ni mkavu, na akibaki asilale kwenye chombo kilichozibwa. Samaki si adui. Anataka tu watu wanaomjua.

Nilifika Ilongero jua linazama. Baba akatazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu.

"Yuko wapi?"

Nikamweleza yote, bila kuficha kibuyu. Mama yetu aliyekuwa mlangoni akajiziba mdomo kwa khanga.

"Huyo mama alijua tangu siku ya kwanza?" baba akauliza.

"Alijua."

"Na akachukua lawama yeye, kwa ajili ya mtoto wangu?"

"Ndiyo, baba."

Baba akawatazama ng'ombe wakiingia zizini.

"Basi kwao Hawa sasa ni hukohuko," akasema.